Nilimripotia Mungu Kwanza

Katelembo,
S.L.P. 1187,
Machakos.

Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa dada yangu Kalondu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani, zangu na za Mama Ndunda. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Mwangangi na wote wa huko Shimba Hills. Je, magoti yanaendeleaje? Yale mafuta ya kuchua niliyokutumia Januari yalisaidia, au uliyaweka juu ya kabati kama unavyofanya na kila dawa unayopewa? Na wale ndovu, bado wanakuja kuwamalizia mihogo?

Huku sisi tuko, ndivyo tu naweza kusema. Mvua ilianza vizuri mwezi wa tatu, ikatudanganya tukapanda mahindi hadi kwenye kingo za mitaro, kisha ikakatika mahindi yakiwa yamefika magotini. Mbaazi ndizo zimesimama. Mama Ndunda anasema mwaka huu tutakula mbaazi hadi tuote maganda. Ndunda bado yuko Eldoret kwa ile kazi yake ya nyaya za umeme, na hana shida.

Mimi mwili wangu hauna kidonda. Lakini moyo, dada, moyo umekwisha. Sijui kama nimewahi kukuandikia nikiwa hivi, hata mwaka ule tulipomzika mwaitu, mama yetu.

Utajiuliza barua ya nini siku hizi. Simu yangu iko kituo cha polisi, imetiwa kwenye mfuko wa plastiki na kubandikwa namba ya kesi. Nimekupigia mara nne kwa simu ya Mama Ndunda, na kila nikisikia sauti yako nazungumza juu ya mvua. Mara ya mwisho uliniuliza kama siku hizi nimeajiriwa na watu wa hali ya hewa, ukacheka sana. Nilikata simu nikaenda nyuma ya choo nikalia. Kwa hivyo naandika, na jirani yetu Urbanus, anayesafiri leo kwenda Ukunda, atakuletea barua hii mkononi kesho. Kaa chini uisome yote kwa mpangilio. Nakujua, wewe ni mtu wa kuanzia mwisho.

Nianze na lile lenyewe. Tarehe sita mwezi wa tano, saa nne asubuhi, pale Kithimani, lori la kampuni nililokuwa nikiendesha lilitoka barabarani likamgonga mama mmoja muuza matikiti maji, anaitwa Mutheu. Hakufa. Mguu wake wa kushoto ulikatwa juu ya goti. Na kosa hilo si la gari, si la barabara, wala si la Mutheu. Ni langu, na nilikuwa nalijua miezi miwili kabla halijatokea. Baya zaidi, nilisema uongo, na fundi mmoja asiye na hatia akaingizwa ndani kwa ajili yangu.

Wewe unajua jinsi nilivyokuwa nikijisifu. Miaka ishirini na sita kwenye malori, na mimi ndiye nilikuwa dereva wa kuripoti. Taa ikipasuka, naripoti. Polisi akiniandikia kosa, kabla jua halijatua ofisi inajua, na karatasi nimeipeleka mwenyewe. Kuna wenzangu waliokuwa wakificha hata kesi za kortini, wanakula faini kimyakimya ili kampuni isijue. Mimi nilikuwa nawasuta. Pale kazini waliniita Karani, na nilipenda.

Mwanzoni mwa mwezi wa pili nilikuwa mezani nakunywa chai. Mama Ndunda alitoka jikoni akanikuta nimeshika kikombe kimeinama, chai inamwagikia suruali, nami nautazama ukuta. Anasema aliniita mara tatu. Mimi nilisikia mara moja tu. Haikuchukua hata dakika. Tulicheka, akaniambia uzee umeingia bila kubisha hodi.

Wiki mbili baadaye ilinijia tena, pale uwanjani kwetu Mavoko, lori likipakiwa chakula cha kuku, nami nimesimama na orodha mkononi. Safari hii sikucheka. Niliomba ruhusa, nikaenda hospitali mjini bila kumwambia mtu yeyote.

Daktari alikuwa msichana, kwa umri ni mtoto wetu. Aliniwekea nyaya kichwani, akaniuliza maswali, akaniambia hicho ni aina ya kifafa. Nikakasirika! Nikamwambia kifafa ni kuanguka na kutoa povu, na mimi sijaanguka hata siku moja. Akanieleza polepole kwamba kuna kile kisichomwangusha mtu. Kinamzima tu kama taa, macho yakibaki wazi, kisha kinamwasha tena, na mwenyewe asijue alikuwa amezimwa. Akaniandikia vidonge na barua. Akaniambia nisishike usukani, na kwamba ni wajibu wangu kumwarifu mwajiri na kuwaarifu watu wa leseni, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Dada, nilikuwa nimebakiza miezi saba nistaafu. Miezi saba tu. Niliitia ile barua ndani ya Biblia nikajiambia nitaipeleka Jumatatu. Ee, Jumatatu za mwaka ni nyingi. Vidonge nilimeza wiki moja, vikanitia usingizi barabarani, nikaviacha kwa sababu eti usingizi ni hatari kwa dereva. Ona akili hiyo.

Sasa sikia upumbavu wenyewe. Jumuia yetu ya kanisa hukutana kila Jumamosi jioni, nyumba kwa nyumba. Baada ya masomo, mwenye shida huisema, na Peris, katibu wetu, huiandika kwenye daftari la maombi: tarehe, jina, na shida. Shida ikijibiwa, huitia alama kwa kalamu nyekundu. Na desturi ni kwamba jambo likishaandikwa pale halitembei nje. Mtu huliacha pale kama aliyetua mzigo.

Basi mimi, Karani mzima, niliyeshindwa kuvuka uwanja hatua thelathini hadi ofisi ya meneja, nilisimama mbele ya watu kumi na tisa nikaripoti. Peris akaandika tarehe nane Machi, Baba Ndunda, kuzimika ghafla, na ni dereva. Hilo neno la mwisho wote walilisikia. Hakuna aliyeniuliza kama kazini nimesema. Walinishika kichwa na mabega, wakaomba hadi jirani akatoka nje kuangalia kama kuna msiba.

Nao ugonjwa ukanyamaza. Wiki sita, kimya. Siku ya Pasaka nikatoa ushuhuda kwamba nimepona, nikaruka na haya magoti yetu ya ukoo, akina mama wakapiga vigelegele. Peris akachukua kalamu nyekundu akatia alama, na mimi nikaiona kwa macho yangu. Nilitoka pale nikiwa na hakika. Jambo limefika kwa mkubwa kuliko wakubwa wote na limefungwa, sasa meneja wa usafiri ni nani hata nimpelekee tena?

Simlaumu Mungu. Yeye hakuniambia nisiende ofisini. Ni mimi niliyemtumia kama mtu anayemtuma mtoto wa jirani dukani kwa sababu yeye mwenyewe ana deni pale.

Siku ya ajali nilikuwa peke yangu, nimeshusha mzigo Kithimani, narudi. Nakumbuka nikipita kituo cha mafuta. Halafu nakumbuka matikiti. Yamepasuka kila mahali, mekundu, na mimi nimekaa nikijiuliza ni nani amemwaga matikiti barabarani. Katikati ya mambo hayo mawili hakuna kitu, Kalondu. Nimetafuta kila siku. Hakuna. Kisha nikasikia nduru za watu, nikafungua mlango, nikamwona yule mama chini ya meza yake iliyovunjika.

Usifikiri nilikimbia. Tulimbeba na watu wa pale, nikavua shati tukaufunga mguu. Polisi walinikuta hapohapo. Ofisi niliipigia kabla ya dakika kumi kuisha, na fomu ya kampuni niliijaza siku ileile kwa mwandiko mzuri. Kuna mahali inauliza kama dereva ana ugonjwa wowote anaoujua. Nikaandika hapana. Inauliza chanzo. Nikaandika nilikanyaga breki hazikushika. Polisi nao nikawaambia vivyo hivyo, na wakaandika vivyo hivyo. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa soda.

Sasa malori yetu yana kidude cha kufuatilia gari, kinachoonyesha ofisini mwendo wako na mahali ulipo. Wesley, meneja wetu wa usafiri, alifungua akaona kwamba lori halikupunguza mwendo hata kidogo hadi lilipogonga. Dereva mzoefu, mchana, barabara kavu, na hakuna mwendo uliopungua. Akaunganisha na maneno yangu. Kweli, breki zilikataa. Na ni nani aliyebadilisha breki za lori hilo siku mbili kabla? Nzuki.

Huyu Nzuki ni fundi wetu, mtu wa Muthetheni, mpole, wa miaka kama thelathini na miwili. Ni wa kukaza nati mara mbili halafu arudi kuiangalia tena. Wakamsimamisha kazi. Lori lilikuwa limeingia mtaroni, na bomba la breki lilikuwa limekatika kwa kule kuanguka, kwa hivyo wakaguzi hawakuweza kusema lilikatika kabla au baada. Polisi wakamwita aandikishe taarifa, wakamweka ndani siku mbili. Mimi nilikuwa nyumbani kwa mapumziko ya kampuni, watu wananiletea ndizi na sukari za pole.

Na mmoja wa waliokuja ni Winfred, mke wa Nzuki. Alikuja na mayai kwenye mkoba. Akakaa pale unapokaa ukija, akanipa pole ya ajali kwanza, kwa heshima kabisa, ndipo akasema, "Baba Ndunda, wewe ndiye ulikuwa ndani ya gari. Kama Nzuki alikosea, sema. Lakini kama kuna neno dogo linaloweza kumsaidia, nakuomba kama mzazi wangu." Nikamwambia nitafikiria. Nitafikiria! Akashukuru, akaenda. Yale mayai Mama Ndunda aliyapika na mimi nikayala.

Katika jumuia nako, kila mtu alikuwa anajua. Watu kumi na tisa walijua kwamba Nzuki anateseka bure, na Jumamosi walikaa wakiombea majeruhi na kuombea roho ya amani, huku macho yao yakinipita kama mtu anayepita mzoga njiani. Nzuki si wa jumuia yetu, unaelewa. Mimi ni wao.

Tarehe ishirini na nne Mei, baada ya maombi, Peris alinifuata hadi kwenye ua. Alinitia karatasi mkononi, imekunjwa mara nne. Alikuwa ameuchana ule ukurasa. Akaniambia, "Baba Ndunda, haya ni mambo ya jumuia, si ya serikali. Chukua, ukaweke kwa jiko." Na machozi yalimtoka. Alifanya kwa upendo, nataka ujue hivyo, hata kama sasa hataki kuniona. Niliubeba ule ukurasa kwenye mfuko wa shati siku tisa. Kila nikipita karibu na jiko naushika, kisha naondoa mkono.

Mama Ndunda alikuwa upande wa jiko. Aliniambia kwamba Nzuki ni fundi na fundi hakosi kazi, lakini mimi nikifungwa kwa umri huu nitatolewa nikiwa kwenye sanduku. Ni mke wangu, alikuwa ananipigania, na mimi mwenyewe nilitaka ashinde ule ubishi.

Kilichonivunja si Winfred, na ninaona haya kukiri hivyo. Ni Mutheu. Mama Ndunda alisema si vizuri tukae bila kwenda kumwona mgonjwa, ni desturi, watu watasema nini. Tukaenda hospitali siku ya Ijumaa tukiwa na uji kwenye chupa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Laiti angenitukana.

Alinitazama, akaniuliza kama tumewahi kukutana. Nikasema hapana. Akaniuliza kama kuna mtu wake aliyewahi kunikosea. Nikasema hapana, mama, kwa nini? Akaniambia, "Kwa sababu uliniona. Ulikuwa unanitazama usoni, macho wazi kabisa. Nilijua umeniona, ndiyo maana sikukimbia. Nilikukosea nini?"

Wuui mwaitu! Kalondu, ile chupa ya uji ilinitoka mkononi. Mwanamke yule alikuwa amelala pale wiki tatu na kitu akipekua maisha yake yote, akitafuta dhambi aliyonitendea. Breki alikuwa hazijui. Yeye alijua macho yangu tu. Nilitoka nje nikasimama karibu na mahali wanapofulia mashuka, na Mama Ndunda akaja akasimama kando yangu. Akasema, basi nenda useme.

Jumatatu ilikuwa mapumziko ya Madaraka. Jumanne tarehe tatu nikavaa koti, nikachukua barua ya daktari na ule ukurasa wa Peris, nikapanda gari kwenda Kithimani kituoni. Afisa wa zamu aliniuliza mara mbili kama naelewa ninachosema. Nikamwambia andika. Akaandika kurasa nne, akanipokonya simu, akaniweka ndani hadi Alhamisi, ndipo nikatolewa kwa dhamana.

Nikadhani kusema ukweli ni mara moja. Aa wapi! Kutoka huko nilienda kwa kampuni kutoa ripoti upya. Wesley aliisoma akiwa amesimama, akaniambia ningekuja na karatasi hii mwezi wa pili wangenitafutia kazi ya stoo nimalizie miezi yangu. Ya stoo, dada. Kuhesabu magunia. Sijui kama alisema kweli au alitaka tu kuniumiza, lakini nalala na maneno hayo. Kisha nikaenda ofisi ya leseni. Yule kijana wa dirishani alinituma dirisha la pili, la pili likanituma kwa mtandao, mtandao ukataka fomu, na fomu ikataka daktari. Hawakujua wanifanyie nini. Wanajua kunyang'anya leseni. Mtu anayeileta mwenyewe hawajamwekea meza. Niliiacha pale juu ya kaunta, nikaondoka bila hata karatasi ya kuonyesha.

Ungedhani baada ya hapo kuna nafuu. Mimi pia nilidhani. Kampuni ilinifukuza kwa barua ya mistari mitatu, na yale ya kustaafu yamekwenda na maji. Kesi itatajwa tarehe thelathini mwezi huu, na wakili wa msaada ameniambia nijiandae kwa lolote. Nzuki wamemwondolea shutuma, lakini nafasi yake walikuwa wameshaijaza, kwa hivyo anakaanga viazi na mkewe pale stendi. Nilienda kumwomba msamaha. Alinifungia viazi vya bure kwenye karatasi bila kuniangalia, akamhudumia mtu aliyefuata.

Peris aliitwa kituoni kueleza kwa nini alichana ukurasa. Alilia siku nzima. Sasa jumuia imesimamisha lile daftari, na zamu ya kuja kwangu ilipofika walipita wakaenda nyumba ya mbele. Wanasema niliwauza. Labda ni kweli. Wao walinificha kwa upendo na mimi nikawaanika.

Na Mutheu nilimwambia yote, kuanzia kikombe cha chai. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa hivyo hukuniona. Nikasema sikukuona, mama. Akageuka akaelekea ukutani. Sijui kama nilimpunguzia au nilimwongezea. Nimejiuliza hadi kichwa kinaniuma.

Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kilio kilimuumbua Mutheu kwanza, kikaenda kwa Nzuki, kikapitia kwa Peris, ndipo kikafika kwangu.

Sasa nimefika pale paliponifanya nichukue kalamu. Polisi walinirudisha kwa daktari Jumatano iliyopita ili apeleke maelezo kortini. Ni yuleyule msichana. Hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna mtu mwingine aliyekuwa akiduwaa hivi. Nikasema hakuna. Kisha, nikiwa nimeshavaa kofia, nikamkumbuka baba.

Unakumbuka alivyokuwa akinyamaza katikati ya hadithi, mkono uko juu, tonge halijafika mdomoni? Tulikuwa tunahesabu moja, mbili, tatu, tukicheka chini ya meza. Na siku ile baiskeli ilipomwingiza korongoni akitoka sokoni, kila mtu alisema ni pombe. Mwaitu alikufa akisema ni pombe. Mimi na wewe tumewaambia watoto wetu kwamba babu yao aliuawa na ulevi. Daktari amesema ugonjwa huu wakati mwingine hutembea katika damu, kutoka kwa baba hadi kwa mtoto hadi kwa mjukuu. Nimemwomba baba msamaha pale kaburini, lakini nimechelewa miaka thelathini na minne.

Kalondu, mwanao Muli alikuwa hapa Krismasi. Siku tunakula, alisimama katikati ya neno, chapati mkononi, macho wazi. Dadake Tracy akampungia mkono mbele ya uso, hakupepesa. Sote tukacheka tukasema amepata mchumba. Mimi nilicheka kuliko wote. Na Muli anaendesha basi la shule.

Nilimpigia Alhamisi. Akaniambia, mjomba, mimi niko sawa, wewe pole na kesi. Alisema kwa upole, kama mtu anavyosema na mgonjwa. Nilipomwuliza kama kuna wakati anajikuta mahali hajui amefikaje, alinyamaza kidogo, kisha akasema mtandao unasumbua. Dada, ule unyamavu naujua. Nimekaa ndani yake miezi mitatu.

Kwangu hatasikia, mimi ni mtu aliyeharibu. Kwako atasikia. Mwite Jumatatu hiyohiyo jioni, ukishasoma. Mwulize ukimtazama, usimwulize kwa simu. Na nakusihi kwa kaburi la mwaitu, usimpeleke kwa maombi kwanza. Ashuke kwenye lile basi kwanza, aende hospitali, aiambie shule kwa mdomo wake. Tukishamaliza hayo, tutaomba sote hadi sauti zikauke.

Nakupa hadi Jumatano. Ikifika Jumatano hajasema, nitaiandikia shule mimi mwenyewe, jina langu na la baba yetu chini. Najua utanichukia. Nimeshachukiwa na watu wengi mwezi huu, na bado naamka asubuhi. Lakini kukaa kando ya kitanda cha mtoto wa mtu na kuulizwa amekukosea nini, hapo hutaamka tena, Kalondu. Mimi sijaamka.

Nisalimie sana shemeji Mwangangi, mwambie asinionee haya, aje tuzungumze akipata nafasi. Msalimie Tracy na mtoto wake. Mama Ndunda anakusalimu na anasema ufunge magoti usiku wa baridi. Muli simtumii salamu. Mwambie tu mjomba wake amesema asiwashe gari.

Mungu akupe sauti ya kumwambia, na ampe yeye masikio. Awalinde wale watoto wote wanaopanda kesho asubuhi kabla barua hii haijakufikia.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja, nikupendaye hata katika haya,

Kimanzi.